Umenunua Karavani Iliyolala Miaka? Soma Hii Kabla Hujaifunga Nyuma ya Ndai

Stori huwa ni ile ile. Ni saa nne usiku, umelala kwa kochi na simu, unapitia matangazo ya vitu vya mtumba, halafu unaiona. Karavani nyeupe, iko chini ya mti huko Nanyuki ama Naivasha, ina kitanda, sinki, jiko ya gesi na pazia za maua. Bei inakaa poa. Mwenyewe ameandika, "Haijatumika sana, imeegeshwa tu tangu 2016." Kichwani tayari uko Diani na mbogi yako, mnachoma nyama, hakuna kulipa hoteli.

Tulia kidogo. Hayo maneno "imeegeshwa tu" umeyasoma kama sifa, lakini fundi wa trela akiyasikia anakuna kichwa. Gari inayotembea kila siku hukuonyesha shida zake moja moja. Leo breki inalia, kesho taa inazima, unaipeleka gereji. Trela iliyolala miaka nane imeweka shida zake zote kama akiba, na zinaweza kutoka siku moja, siku ambayo umeifunga nyuma ya ndai na watoi wako wameketi mbele.

Halafu sisi tuna tabia moja. Tukipata kitu kama hiki, doo ya kwanza inaenda kwa rangi, taa za kumetameta na godoro mpya, ndio ikae fiti kwa picha. Rangi iliyopauka haijawahi kumuua mtu. Tairi, beringi, breki na gesi ndizo za kuogopa, na zote zimejificha mahali hutazami ukiwa na furaha ya kununua. Kwa hivyo hapa tutaanza na hizo, rangi itangoja.

Kabla doo haijatoka mfukoni

Trela Kenya ina namba yake inayoanza na Z, na ina logbuku yake kama gari. Tafuta namba ya chasisi, mara nyingi imegongwa kwa vyuma vya mbele ama iko kwa kibati karibu na mlango, uilinganishe na ile ya logbuku. Kama imekwaruzwa, ama mwenyewe anakushow logbuku "iko kwa brathe, atatuma," hepa. Hakikisha mnabadilisha umiliki kwa NTSA kabla hujamaliza kulipa. Pia pigia watu wako wa bima uwaulize maswali mawili: trela ikiwa imefungwa kwa gari iko chini ya bima gani, na ikiwa imesimama peke yake?

Sasa vaa nguo mzee, shika tochi na bisibisi, ingia chini yake. Kutu ya juu juu haina noma, inasuguliwa na kupakwa rangi. Ile kutu inayobanduka kama maganda, na ukidunga bisibisi inazama, hiyo chasisi imekufa na hakuna bei nzuri ya kitu kama hicho.

Ukitoka chini ingia ndani, lakini usiangalie kitanda. Finya kuta kwa kidole kwenye kona, chini ya madirisha na pale ukuta unapokutana na sakafu. Karavani nyingi za zamani kutoka Uingereza zina fremu ya mbao iliyofunikwa na bati la aluminiamu. Maji yakipata kitundu kimoja kwa paa, yanateremka ndani ya ukuta na kuozesha mbao huku nje bado inang'aa. Ukuta ukibonyea kama mkate, ama sakafu inacheza ukikanyaga, jua unanunua kazi ya fundi mbao ya miezi. Harufu pia inasema ukweli. Mwenyewe akiwa amepuliza manukato kila mahali na madirisha yote yako wazi saa mbili asubuhi, jiulize anaficha nini.

Na uliza ilitengenezwa wapi. Karavani ya Uingereza, kama Swift ama Bailey, iliundwa kwa barabara ya lami laini. Ile ya Afrika Kusini iliyojengwa kwa barabara mbaya ina springi nzito na iko juu kidogo. Kama ndoto yako ni Turkana ama ndani ndani ya Tsavo, karavani ya lami itafunguka skrubu moja moja kwa murram mpaka kabati zianguke kwa sakafu. Kwa lami ya kwenda Nanyuki, haina shida.

Kitu cha mwisho kabla ya kulipa: ndai yako inaweza kuivuta? Probox imebeba kila kitu nchi hii, kutoka miraa mpaka ng'ombe, lakini yenyewe ina uzito wa karibu tani moja. Karavani ya kilo 1,300 nyuma yake ndiyo itakuwa inaamua mnaenda wapi. Kanuni ambayo wavutaji wa Uingereza huwapa wanaoanza ni trela iliyojaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Na hata kama gari ni kubwa, cheki kitabu chake kinasema inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi.

Tairi: usiangalie meno, soma tarehe

Hapa ndio wengi huingia box. Tairi za trela iliyolala zina meno yote, zinakaa mpya, na mwenyewe amezipaka mafuta zikawa nyeusi ti. Lakini mpira unazeeka kwa jua na hewa hata kama haujagusa barabara. Tena ukikaa bila kuzunguka, unazeeka vibaya zaidi, kwa sababu uzito wote umekalia sehemu moja miaka yote.

Kila tairi ina herufi DOT ubavuni, na mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2315, hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya 2015. Wakati mwingine tarehe imeandikwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo umeangalia ndani, kwa hivyo lala chini uisome. Kwa karavani, ushauri wa kawaida ni kubadilisha tairi zikifika miaka mitano hadi saba, hata kama meno yako. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, kama udongo uliokauka, usihesabu miaka, toa.

Usiweke tairi yoyote ya mtumba iliyokuwa inalingana na rimu. Tafuta ile namba ya uwezo wa kubeba. Kwa mfano 93 inamaanisha kilo 650 kwa tairi moja, kwa hivyo tairi mbili zinabeba kilo 1,300, na trela ikijaa godoro, maji na kreti za soda inafika hapo haraka kuliko unavyodhani. Badilisha vali pia, ni vitu vya bei ndogo. Na spea usiisahau. Spea ya trela iliyolala ina umri sawa na zile zingine, tofauti ni kwamba hakuna mtu ameiangalia tangu mwanzo.

Beringi

Ukitaka kujua kitu ambacho husimamisha trela nyingi kando ya barabara, ni hii. Ndani ya kila gurudumu kuna beringi zinazoelea kwa grisi. Trela ikikaa, grisi inakauka au inateremka chini, unyevu unaingia, na ile sehemu ya juu inaota kutu. Kutu ndogo tu, kama chembe ya chumvi. Ukianza safari, hiyo chembe inasaga chuma, chuma inapata moto, grisi iliyobaki inayeyuka, na mwisho gurudumu linaweza kutoka na kukupita kwa barabara. Hiyo si stori ya kutunga, waulize madere wa malori.

Kwanza weka mawe ama vipande vya mbao kwa gurudumu la upande mwingine, na trela iwe imefungwa kwa gari ili isitembee. Inua upande mmoja kwa jeki, chini ya ekseli ama mahali mtengenezaji alipoonyesha. Ile miguu minne ya pembeni ya karavani ni ya kuituliza isitikisike ukilala, si ya kuinulia. Ukishainua weka stendi. Mtu yeyote akikuambia "ingia tu chini, jeki iko poa," mwambie aingie yeye.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Linafaa kuzunguka kimya. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, beringi imechapa. Kisha shika juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza sana, vile vile.

Lakini hata likizunguka kimya, kwa trela iliyolala miaka mimi singeamini. Fungua. Toa kifuniko, pini na nati, toa habu, osha beringi kwa mafuta taa mpaka zing'ae, zikauke, halafu uzikague kwa mwanga. Ukiona alama za bluu, mashimo ama mistari, nunua mpya pamoja na ile ringi inayokaa ndani ya habu, usichanganye mzee na mpya. Jaza grisi ya beringi kwa kuisukuma kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Sili ya nyuma iwe mpya, pini iwe mpya. Kaza nati huku unazungusha gurudumu, kisha irudishe kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru bila kucheza. Fundi anayekaza tu kwa nguvu zake zote na kukwambia "imeshika" anakuchomea beringi.

Trela za kisasa za Ulaya ni tofauti. Beringi zimefungiwa ndani ya habu, hazipakwi grisi, na zinashikwa na nati moja kubwa ambayo ikifunguliwa haitumiki tena. Ukiona hiyo, peleka kwa mtu mwenye spana ya kupima nguvu na ununue nati mpya. Usijichoche.

Breki zilizogandamana

Mwenyewe aliegesha, akavuta hendibreki, akaenda. Miaka nane baadaye viatu vya breki vimeshikana na duramu kwa kutu. Ukifika na Land Cruiser na kuivuta kwa nguvu, trela itatoka sawa, lakini huenda umeng'oa bitana ya breki ikabaki imekwama ndani. Achilia hendibreki, gonga duramu kwa nyundo taratibu pande zote, jaribu tena. Bado? Toa gurudumu na duramu.

Ukifungua, usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa kama vile mafundi wetu hupenda. Bitana za zamani zilitengenezwa na asbesto, na vumbi yake inaharibu mapafu miaka mingi baadaye. Lowesha kwa maji, panguza kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Karavani nyingi zina breki za kusukumwa. Ukipunguza mwendo, trela inasukuma gari, kile chuma cha mbele kinaingia ndani na kuvuta waya za breki. Kwa hivyo kile chuma lazima kiteleze. Kisukume ndani kwa mwili, kirudi polepole chenyewe. Kikigoma ama kikirudi paap kama springi tupu, kuna kazi hapo. Kichwa kinachoshika lile boli la chuma nyuma ya gari nacho kitie mafuta, kisha hakikisha kinafunga kabisa. Nyingi hutumia boli la milimita 50. Boli dogo kidogo kuliko kichwa litaonekana limeshika mpaka bampu ya kwanza.

Kuna pia waya mwembamba unaofungwa kwa gari, ambao unavuta breki za trela kama imechomoka. Watu huutoa kwa sababu "unasumbua." Ukikuta umeota kutu, badilisha. Ndio kitu pekee kitakachosimamisha karavani yako kabla haijafika kwa kibanda cha mama wa mahindi.

Taa hazina maneno mengi. Nyingi zikigoma si balbu, ni ithi. Safisha pale waya wa ithi umefungwa kwa chasisi mpaka uone chuma safi, safisha pini za plagi, jaribu tena. Mtu akae kwa usukani, wewe simama nyuma: indiketa kushoto, kulia, breki, taa za usiku, taa ya namba.

Gesi, na hapa nitakuwa mkali

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya nyumba yako yenye mlango mkubwa, pengine itatafuta njia. Ikivuja ndani ya karavani, inatulia sakafuni kama maji, pale unapolala, mpaka mtu awashe kiberiti ama friji ijiwashe. Ndio maana watengenezaji waliweka mashimo kwa sakafu na kwa kabati la mtungi. Yatafute. Mara nyingi mwenyewe wa kwanza aliyaziba na gazeti ama povu ili panya na vumbi visiingie. Yafungue. Ukiogopa panya weka wavu wa chuma, hewa ipite.

Mpira wa gesi usijadiliane nao. Toa wote wa zamani, weka mpya, na klipu mpya za kukaza. Mpira huwa na tarehe ubavuni, na hata bila tarehe, ule uliokaa miaka nane kwa joto la kabati umekauka. Ukunje uone nyufa. Regulata ya kutoka ng'ambo nayo huenda haiingii mtungi wetu, na hapo ndio utaona fundi akianza kufunga vitu kwa utepe na mpira wa tyubu. Mfukuze. Nunua regulata ya shinikizo la chini inayoingia mtungi wako. Ile ya presha ya juu ya majiko makubwa ya kibanda cha chapo, usiilete karibu na karavani.

Kisha jaribu hivi. Zima jiko, friji na hita, funga kila kitu, fungua mtungi. Paka maji ya sabuni kwa kila kiungo, kutoka kwa mtungi mpaka nyuma ya jiko. Povu likianza kukua, kuna uvujaji hapo, funga mtungi na uhepe na kiberiti chako. Bomba za shaba zifuate kwa macho chini ya trela nzima, kwa sababu mawe ya barabara huzigonga.

Ukiwasha jiko, moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na unapaka sufuria masizi, kuna kitu kimeziba, na mara nyingi ni buibui. Si mzaha, buibui hupenda kusuka nyumba ndani ya vile vitundu vya gesi. Fungua, safisha kwa brashi laini, usitoboe kitundu na sindano maana ukikipanua umeharibu kipimo. Halafu jaribu usalama wake: washa, ngoja jiko lipate moto, puliza moto uzime bila kufunga swichi. Kwa majiko yenye kifaa cha usalama, ndani ya kama dakika moja utasikia kaklik, gesi imejifunga. Usiposikia, hilo jiko haliko salama ndani ya chumba cha kulala.

Kama huelewi sehemu hii, lipa mtu wa gesi anayejua kazi. Ndio sehemu moja ya hii kazi yote ambapo bei rahisi ni rada chafu.

Usiku wa baridi na jiko ya makaa

Hii inahusu kila karavani, hata ile mpya. Nanyuki usiku ni baridi, Aberdare ni noma zaidi. Mmechoma nyama, makaa bado yanawaka, mtu anasema tuingize jiko ndani tupate joto, tufunge dirisha. Kila msimu wa baridi Kenya tunasoma habari za watu waliolala hivyo na hawakuamka.

Makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiumi macho kama moshi. Inashika damu mahali oksijeni ingeshika. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na kwa sababu mmekunywa kidogo, kila mtu anadhani ni pombe. Wakianza kusinzia hawawezi hata kufungua mlango. Karavani ni ndogo kuliko bedsitter, inajaa haraka. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa hiyo hewa, kwa hivyo "yamezima" si jibu.

Usiingize jiko. Usitumie jiko la gesi kama hita usiku. Jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo hauleti moshi kwenu. Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi, uweke betri, ubonyeze ujaribu. Kama kulikuwa na kingine cha zamani, angalia tarehe nyuma yake, maana huisha muda hata kama taa bado inamulika. Mtu akilalamika kichwa na mwingine pia anaumwa, tokeni nje wote kwanza, kutafuta sababu baadaye, kisha hospitali.

Stima

Karavani ina stima mbili: ya betri, volti 12, na ile ya kuchomeka ukutani. Kama imetoka Uingereza, ya ukutani inaelewana na yetu ya volti 240. Kama ni trela ya Marekani, ilitengenezewa volti 120, na siku utaichomeka kwa soketi ya Kenya utanusa kila kitu kikiungua. Soma kibati nyuma ya vifaa kabla hujachomeka.

Betri iliyolala miaka ni ya kupeleka kwa wale wa vyuma, usijaribu kuiombea. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma kama volti 12.7 kwa mita. Ikisoma 12.2 iko nusu, na chini ya 12 imekwisha. Nunua ile ya kutumika polepole, kama zile za sola, si ya kuwashia gari. Weka fyuzi karibu na betri kwenye waya wa chanya, na kabati la betri liwe na tundu la hewa, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka.

Fuata waya kwa macho kila mahali utafikia. Panya hupenda plastiki ya waya, na waya uliotafunwa ndani ya ukuta wa mbao kavu, sihitaji kukueleza. Kwa boksi la stima kuna kitufe cha kujaribu. Ukichomeka, kibonyeze, swichi ianguke. Isipoanguka, chomoa na umwite mtu wa stima. Na ukitumia ekstensheni ya kuzungushwa kwa gurudumu, ifungue yote. Ikibaki imejikunja huku unachemsha maji, inapata moto mpaka plastiki inayeyuka.

Friji ikigoma, kabla hujaitupa, cheki kama trela imesimama sawa. Friji nyingi za karavani hutumia gesi, volti 12 ama stima ya ukutani, na zikiinama hazifanyi kazi. Kwa volti 12 zinakula betri vibaya, kwa hivyo hiyo ni ya wakati injini inanguruma.

Maji na wageni wa ndani

Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu. Fungua madirisha, vaa glavu na barakoa, nyunyizia maji yenye jik, ngoja, kisha futa. Piga mlango na makabati kabla ya kuweka mkono, nyuki, nyigu na nyoka pia wanapenda nyumba ya bure.

Tangi la maji limwage lote, lisugue unapofika. Kisha jaza maji na jik ya kawaida isiyo na manukato, kama mililita moja na nusu kwa kila lita, yaani mililita 150 kwa tangi la lita 100. Fungua kila bomba mpaka unuse jik, funga, iache usiku kucha. Asubuhi mwaga, jaza maji safi, mwaga tena mpaka harufu iishe. Maji ya kunywa mimi bado ningebeba kwa mtungi tofauti. Paa likivuja, usikimbilie silikoni ya dirisha, inabanduka na kuacha maji yapite chini yake. Ondoa ute wa zamani, weka ute wa karavani ambao hubaki laini.

Siku ya kwanza barabarani

Siku ya kwanza si ya kwenda Mombasa. Lala ndani yake usiku mmoja ikiwa kwa ploti yako, washa kila kitu, uone kinachozima na kinachonuka. Kesho yake iendeshe kama kilomita kumi kwa barabara isiyo na watu, usimame, udare kila habu kwa mkono. Joto kidogo ni kawaida. Ikikuunguza, ama moja iko moto kuliko mwenzake, rudi ukitembea pole na ufungue tena. Halafu kaza nati za magurudumu, na uzikaze tena baada ya kilomita 50, kwa sababu zilizotoka kufunguliwa hulegea. Mimi nilipuuza hiyo ya kudara mara moja, tulikuwa na haraka ya kufika Gilgil, na kitu cha kwanza kilichotuambia beringi imekufa kilikuwa harufu ya grisi iliyoungua. Tulilala hapo kando ya barabara, angalau tulikuwa na kitanda.

Vitu vizito viweke chini na karibu na ekseli. Mbele ya trela ikae na uzito wa kama asilimia tano hadi saba ya trela nzima. Kwa tani moja hiyo ni kilo 50 hadi 70, na unaweza kupima kwa mizani ya bafuni na kipande cha mbao chini ya kichwa. Mkijaza kreti zote nyuma, pua inakuwa nyepesi, na ukifika mwendo trela inaanza kucheza kama mkia wa samaki. Ikianza hivyo, shika usukani sawa, toa mguu kwa mafuta, iache ipungue yenyewe. Usipige breki ghafla, na usiongeze mwendo ukidhani utaikimbia.

Kuteremka Mai Mahiu, weka gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, si katikati. Ukikanyaga breki njia yote, zitapata moto mpaka mguu uzame bila kitu kushika. Acha nafasi kubwa mbele, na mathree zikijaza hiyo nafasi, acha tena. Ukifika chini simama mahali salama, zunguka trela, dara habu nne za gari na mbili za trela, angalia kichwa bado kimefunga na plagi haijachomoka.

Ukirudi nyumbani na zote ziko baridi, sasa nunua ile rangi.